Dishi la kwenda nalo dago

Msimu wa dago ukikaribia simu yangu hailali. Nahodha wa Kojani, tajiri wa boti Tumbe, kijana aliyekabidhiwa michango ya wenzake, wote wana swali moja: fundi, tununue dishi gani la kwenda nalo? Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimeona bora nikae kitako niliandike, maana maelezo ya simu ya dakika mbili hayatoshi, na pesa za watu ishirini waliochangishana zikishapotea kwenye vifaa visivyofaa hazirudi.

Kwa msomaji wa mbali: wavuvi wetu wa Pemba, khasa Wakojani, huhama na vyombo vyao wakaweka kambi, ndilo dago lenyewe, kwenye fukwe za mbali wakifuata samaki. Wengine hukaa kwenye visiwa vidogo vya hapa hapa, wengine Unguja, wengine huvuka mpaka mrima wa Tanga na pwani ya Kenya. Banda la makuti na turubai, mafiga, madumu ya maji, na wanaume wanaoishi pamoja wiki baada ya wiki. Umeme hakuna. Mtandao wa simu pengine upo ukipanda juu ya jabali, pengine haupo kabisa. Na hata ulipo, bando la mtu mmoja na kioo cha simu kilichozungukwa na vichwa kumi huko si kutazama mpira.

Wako wanaoniambia kwamba hii ni anasa. Siwafahamu. Boti za dagaa hufanya kazi gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinapumzika. Usiku huo mtu yuko mbali na mke na watoto, hana kazi, na hana pa kwenda. Nimekaa kwenye dago lenye televisheni na dago lisilo nayo. Lenye televisheni, watu wanabaki pamoja baada ya isha, wazee wanapata taarifa yao ya habari ya saa mbili, vijana wanabishana Simba na Yanga mpaka usingizi uwashike, na nahodha anajua kila mtu wake yuko wapi. Ile fainali ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 2025, Zanzibar Heroes walipowafunga Burkina Faso pale Gombani, kuna Wapemba waliokuwa nje ya Pemba kwa sababu ya kazi na wakaiona mechi iliyochezwa kwao. Kwangu mimi hilo linatosha kuifanya kazi hii kwa moyo wote.

Jambo la kwanza silo dishi. La kwanza ni kujua mnataka kutazama nini, kwa sababu hilo ndilo litakalowaambia dishi litazame wapi angani, na hapo ndipo mengine yote yanapoamuliwa. Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kila moja ina kituo chake, kinachotajwa kwa nyuzi za longitudo, haibanduki. Azam TV, ambayo ndiyo yenye Ligi Kuu, inatoka nyuzi 7 mashariki. DStv ya huku kwetu inatoka nyuzi 36 mashariki. Pemba yenyewe iko karibu na nyuzi 40. Kwa hiyo setilaiti ya DStv iko karibu utosini mwetu, mwinuko wa nyuzi 82 hivi kutoka upeo wa macho, na ya Azam imeinama upande wa magharibi, mwinuko wa nyuzi 51 au 52.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dishi linalotazama utosini halisumbuliwi na miti. Tundu dogo tu baina ya minazi linatosha. Lakini linakaa karibu limelala chali, na majani na vinyesi vya ndege vinatua ndani yake. Dishi la nyuzi 7 linasimama vizuri, maji ya mvua yanateremka yenyewe, ila linataka uwazi upande wa magharibi. Sasa fikiria ufukwe wenu uko wapi. Dago la ufukwe wa magharibi, tuseme Fundo au upande wa Ras Kigomasha, dishi linatazama bahari tupu na hakuna cha kulizuia. Dago la ufukwe wa mashariki, mgongo wenu ndio una minazi na mivinje, na huko huko ndiko dishi linakotaka kutazama. Ndiyo maana nahodha akinipigia swali langu la kwanza ni: mnakwenda kukaa upande gani?

Hesabu ya mti ni nyepesi. Kwa mwinuko huu wa nyuzi 51, mnazi wa mita 15 uliosimama mbele ya dishi unakutaka ujitenge nao mita 12 hivi. Mnazi wa mita 10, mita 8. Ukijitenga na mti kwa umbali sawa na urefu wake umeshasalimika na ziada imebaki. Na kuna njia ya kuhakikisha bila kifaa chochote, ninayoipenda kuliko zote. Siku za tarehe ishirini na kitu za Machi, na tena karibu na tarehe 20 Septemba, jua linapita pale pale setilaiti ya nyuzi 7 ilipo, na kwa hapa Pemba linafika hapo kama saa tisa alasiri. Simama mahali unapotaka kuweka dishi wakati huo. Ukipigwa na jua usoni, dishi litaona. Ukiwa kivulini mwa mnazi, sogea. Siku hizo hizo msishangae picha ikikatika dakika chache mchana, ni jua limekaa nyuma ya setilaiti na kuizidi nguvu, litapita.

Kijana mmoja wa Konde aliniletea video ya Wamarekani wanaosafiri na magari yenye vitanda na jiko ndani. Juu ya paa wana kuba jeupe la plastiki. Unabonyeza kitufe, kuba linazunguka lenyewe mpaka limeipata setilaiti, kazi imekwisha. Akataka tuagize. Nilimweleza nami naeleza hapa ili wengine wasitie pesa zao baharini. Makuba yale, ya Winegard kwa mfano, yametengenezwa kwa ajili ya kampuni za kwao, DISH na DIRECTV. DISH wana setilaiti zao, zikiwemo za nyuzi 110 na 119 magharibi; DIRECTV nyuzi 101 magharibi. Kutoka Pemba setilaiti hizo zote ziko chini ya upeo, upande wa pili wa dunia. Kuba litazunguka mpaka betri iishe. Na hata ukipata la kupangwa kwa setilaiti za huku, sahani iliyomo ndani ya kuba ni ndogo kwa sababu lazima izunguke mle ndani, na sahani ndogo ikikutana na mvua ya masika haina cha kusema. Wamarekani wenyewe wenye kupenda kupumzika chini ya miti hubeba dishi la stendi: gari linakaa kivulini, dishi linakaa peupe, waya unaunganisha. Hilo la kwao la stendi ndilo linalotufaa sisi.

Na ndani ya chombo je, tukiwa tumetia nanga? Hapana. Dishi la sentimita 80 linasamehe nyuzi moja hivi kila upande, na chombo kwenye maji kinayumba zaidi ya hapo hata bahari ikiwa shwari. Meli zina makuba yenye mitambo ya kufuata mayumbo, lakini bei yake mtu ananunua injini mpya. Televisheni ni ya nchi kavu.

Ukubwa wa dishi. La sentimita 60 linaingia hata chini ya ubao wa kukalia, na kwa kuwa upeo wake wa kuona ni mpana kidogo ni jepesi kulilenga. Lakini mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone ya mvua yanayala. Kinachokuokoa wakati wa mvua ni akiba, na akiba inatokana na eneo la dishi: la 90 lina eneo mara mbili na robo ya la 60. Mimi nasimama kwenye 80. Linabebwa na mtu mmoja, linapita baina ya mapipa na nyavu, na mvua ya kawaida linaivumilia. Mvua ya masika yenyewe, ile inayofunga upeo usione hata chombo cha jirani, itakata picha kwa dishi lolote la kubebeka, ngojeni ipite. Ukipata la alumini lichukue hata likizidi bei. La chuma likishakwaruzwa rangi chumvi inaingia, na dago hakuna kisichokwaruzwa.

Stendi ndipo ninapogombana na watu. Wanatoa pesa nzuri kwenye televisheni, halafu stendi wanataka kuchomelea kipande cha bomba na kukichomeka mchangani. Kusi likivuma usiku mmoja tu, asubuhi dishi limegeuka. Si lazima lianguke. Nyuzi mbili tu na picha hakuna. Chukueni stendi ya miguu mitatu yenye mapana ya mita moja chini, bomba lake la juu liwe nene linalolingana na kibano cha dishi. Wako wanaomimina saruji kwenye ndoo ya lita 20 na kusimamisha bomba humo. Inakaa imara, sikatai, lakini hiyo ni kilo arubaini na kitu za mzigo usiofanya kazi yoyote mkiwa njiani. Bebeni viroba vitupu. Mchanga mtaukuta huko huko. Kila mguu kiroba kimoja kilichojaa, kimefungwa kwa kamba, na miguu yenyewe imezikwa kiganja kimoja. Na mahali pawe juu ya mstari wa bamvua, si juu ya mstari wa maji mliouona siku mliyofika maji mafu.

Bomba lazima lisimame wima sawasawa. Hili watu hulipuuza, na ndilo linalomaliza jioni nzima. Kwenye kibano cha dishi kuna alama za nyuzi za mwinuko. Alama hizo zinasema kweli bomba likiwa wima tu. Likiinama nyuzi tano, alama zinadanganya nyuzi tano, nawe unatafuta setilaiti mahali ambapo haipo. Fundi wa mjini ana pima maji. Dago nilimwona nahodha mmoja mtu mzima akifanya jambo zuri: alichukua mshipi wake wenye chubwi, akaushika juu ya bomba akauacha uning'inie, akafumba jicho moja akatazama upande huu, kisha akazunguka robo ya duara akatazama tena. Akamwambia kijana, "Nyanyua mguu wa kwako, vidole viwili." Kijana akasukumia mchanga chini ya mguu. Akatazama tena, akasema basi. Sikuwa na la kuongeza.

Kulenga kwenyewe kunataka watu wawili, mmoja kwenye dishi na mmoja kwenye kioo, na subira. Wekeni televisheni nje, karibu na dishi. Msipigiane kelele kutoka bandani. Kwenye king'amuzi fungueni ukurasa wa kupima mawimbi. Mtaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wa nguvu msiuamini, unapanda hata dishi likitazama mnazi. Wa ubora ndio wenye habari.

Mwinuko uwekeni kwanza, nyuzi 51 au 52 kwenye alama, kazeni nati nusu. Kisha upande. Kwa mwenye dira ni nyuzi 278, yaani magharibi kamili, ambayo ni 270, halafu nyuzi 8 kuelekea kaskazini. Kwa asiye na dira tumejaaliwa: Makka iko karibu juu ya mstari ule ule wa longitudo unaopita Pemba, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja, na hakuna dago lisilojua kibla chake. Simama kama unayetaka kuswali, nyoosha mkono wa kushoto sawa na bega. Hapo ni magharibi. Usogeze mkono mbele kidogo tu, upana wa ngumi moja ya mkono ulionyooka, umepata. Kwa Unguja hesabu haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua.

Anzeni kushoto ya hapo na msukume dishi pole pole kwenda kulia, upana wa kidole kwa kila hatua, na kila hatua mhesabu mpaka tano. King'amuzi kinahitaji nafasi ya kuyatambua mawimbi. Mkilizungusha dishi kwa haraka mtaipita setilaiti wala kioo kisiseme kitu. Mstari wa ubora ukichomoza, simameni. Hakikisheni majina ya chaneli ni yenyewe, kwa sababu nyuzi 5 mashariki kuna setilaiti nyengine inayomulika Afrika, na nyuzi mbili si umbali mkubwa. Ikiwa ni yenyewe, sogezeni kidogo kidogo upande, kisha juu na chini, mpaka ubora ufike mwisho wake.

Bado LNB. Ile pua ya mbele ya dishi, inayopokea mawimbi, inatakiwa izungushwe ndani ya kishikio chake, kwa sababu mawimbi yanakuja yamelala namna fulani, mengine wima mengine mlalo, na LNB lazima ilale nayo sawa. Sisi tuko karibu na ikweta na setilaiti ya nyuzi 7 iko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo mzunguko wake kwetu ni mkubwa, karibu robo nzima ya duara. Ukiiacha kama ilivyotoka kwenye boksi utapata ubora hafifu au hutapata kabisa, utalaumu dishi na dishi halina kosa. Legeza skrubu, zungusha pole pole huku mwenzako anasoma kioo, kaza palipo na ubora mkubwa. Halafu chukueni rangi au kalamu ya wino mzito mtie alama: kwenye LNB na kishikio chake, na kwenye alama za mwinuko. Mkihama kwenda ufukwe mwengine, vitu hivyo viwili havibadiliki, kinachobaki ni kusimamisha bomba na kutafuta upande tu. Dago lililotia alama linapata picha kabla ya chai kuchemka.

Waya wa kutoka LNB mpaka king'amuzi: chukueni aina ya RG6 ya shaba nzuri, mita 20, kipande kimoja kisicho na viungo. Mita 20 ndizo zinazowapa uhuru wa kuliacha dishi mchangani peupe na kukaa nyinyi bandani. Mkipata baadhi ya chaneli na nyengine hazionekani kabisa, tazameni waya na vichwa vyake kwanza. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwa LNB ili kuchagua wima au mlalo, na waya mbovu au kichwa kilichooza hukishinda kufikisha ile 18.

Kuhusu umeme wa dago nina msimamo mmoja: kila kitu kiwe cha volti 12, inverta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, iachwe. Inverta inakula betri hata wakati haifanyi kazi ya maana. Tafuteni televisheni iliyoandikwa nyuma DC 12V. Inchi 24 inatosha kwa banda moja na inakula kama wati 25. King'amuzi na LNB pamoja wati 10 hivi; adapta za ving'amuzi vingi zenyewe ni za volti 12, basi kinaweza kupokea betri moja kwa moja. Jumla wati 35. Kwa saa tatu za usiku ni wati-saa 105. Betri ya jeli ya ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini aina hiyo haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hesabuni 300. Siku mbili bila jua mtatazama, ya tatu mtazime. Sola ya wati 100 inairudishia betri hiyo matumizi ya usiku mmoja asubuhi tu, hata anga likiwa na mawingu mawili matatu. Betri ya lithiamu ni nyepesi na inakubali kutumiwa karibu yote. Kama michango inaruhusu, ongezeni pesa hapo kabla ya kuongeza inchi za televisheni.

Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kwa kuwashia injini, si kutoa umeme mdogo mdogo usiku kucha. Itakufa kabla ya msimu. Na betri ya boti msiiguse. Nasema hivi kwa uzito wote. Mechi ya fainali haina thamani ya chombo kilichoshindwa kuwaka alfajiri na watu wamo ndani.

Betri inapochajiwa na sola volti yake inapanda mpaka 14 na zaidi, na televisheni nyengine za bei nafuu haziipendi. Wekeni konveta ya DC katikati inayotoa 12 kamili. Waya wa umeme uwe mnene na mfupi, wa milimita mbili na nusu. Ampea 3 zikipita kwenye waya wa milimita moja mita 10 zinapoteza volti nzima njiani, na king'amuzi kitakuwa kinazima na kuwaka nanyi mnadhani kimeharibika.

Chumvi inaanzia kwenye vichwa vya waya. Kabla ya kufunga pakeni grisi kidogo, baada ya kufunga viringisheni utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, uvutwe vizuri, juu yake utepe wa kawaida. King'amuzi kikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko kila kisipotumika, kwa sababu mijusi wanapenda joto lake na mkojo wao unakata saketi. Mkirudi, dishi na stendi vioshwe kwa maji baridi ya kisima, boliti zote zifunguliwe na kupakwa mafuta kabla ya kuwekwa darini.

Niseme pia ambalo linaweza kunikosesha biashara: ikiwa dago lenu linauona mnara wa matangazo wazi wazi, king'amuzi cha antena kinatosha. Hakina dishi wala stendi wala LNB, antena ndogo kwenye mti wa banda, na umeme wake ni ule ule. Kwa wanaokaa Pemba hii hii karibu na mji nimewashauri hivyo na wako radhi. Dishi ni la wanaokwenda mbali, nyuma ya vilima na ng'ambo ya mikondo, ambako mnara haufiki na setilaiti inafika.

La mwisho ni kadi. Kifurushi kilipieni mkiwa bado mjini, king'amuzi kikiwa kimewashwa na dishi limelengwa, kwa sababu ruhusa ya malipo inakuja kwa njia ya setilaiti na king'amuzi kilichozimwa hakiipokei. Kama mtakaa zaidi ya mwezi, muwekeeni mtu wa nyumbani namba ya kadi imeandikwa kwenye karatasi, awalipie siku mliyokubaliana, na siku hiyo nyinyi kiwasheni king'amuzi kuanzia magharibi mkiache kwenye chaneli mliyozoea. Leteni vifaa kwangu wiki moja kabla ya safari tuvifunge vyote uwanjani, mvifungue na kuvifunga wenyewe mbele yangu. Njooni na spana namba 10 na 13, na viroba vyenu.